Taa Zilipozidi Mwaloni

Jumatatu, 20 Oktoba 1997

Daftari hili ni la Pius, mjukuu wangu. Shule imeisha, kurasa hazijaisha, nami sipendi kitu kitupwe. Kusoma nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni. Anayetaka kuucheka mwandiko wangu akauchekee kwake.

Naandika kwa sababu Pius ameamua kuingia ziwani. Nimemkataza, nimemtukana, nimemnyima mboga, hakusikia. Mbalamwezi ikipungua ataanza kwenda na mtumbwi wa Kashindye kuvua dagaa. Baba yake, Shimba, mwanangu niliyemzaa mimi, alikwenda hivyo hivyo na karabai yake, na ziwa halikunirudishia hata kofia. Sasa linamtaka na huyu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na mtu asinitajie lingine.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimesugua kioo cha chemli ya Shimba kwa majivu mpaka kimeng'aa.

Hapa mwaloni kwetu, ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, chini ya mlima Mkolani, mtu akizama na mwili usionekane, wenye mtu huwasha taa ikitazama ziwa kila msimu wa giza, mwezi usipokuwepo. Inawaka hivyo mpaka wazee wazike mgomba badala yake. Wanakata kipande cha mgomba, wanakivika sanda, wanakilaza kaburini, watu wanalia, wanakula, wanatawanyika. Wazee wa ukoo walikuja na mgomba wao kwa ajili ya Shimba. Nikawaambia mimi sikuzaa mgomba. Wakaubeba wakarudi nao.

Chemli yangu inakaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Evelina, mkwe wangu, mke wa Shimba huyo huyo, hajawahi kuiwasha hata siku moja. Anapita pembeni yake na ndoo ya maji kama anapita pembeni ya kisiki. Mwanamke ana moyo wa jiwe la kusagia.

Ijumaa, 24 Oktoba

Pius ameondoka jioni. Sikumuaga. Nilijifanya napepeta mchele, na mchele wenyewe ulikuwa umekwisha kupepetwa.

Leo pia kuna upuuzi wa taa. Niueleze, maana ni mrefu.

Mwalo wetu una mlango mmoja tu, upenyo kati ya mawe, mpana kiasi cha mitumbwi miwili kupishana. Zamani palikuwa na karabai moja juu ya mti hapo mlangoni, mitumbwi ikaiona, ikaingia. Tangu biashara zifunguliwe, kila mtu ana lake. Wakala wa sangara kaleta jenereta na taa kali ili wavuvi wamwone yeye kabla ya wengine. Mwenye kibanda cha soda kafunga balbu za rangi. Mama wa chapati naye kaning'iniza yake. Sasa Chenge, mwenyekiti wa kamati ya mwalo, kaona haitoshi, kamleta Hiren, kijana wa Jasuben mwenye duka kule Nyamagana tunakonunua karabai. Hiren amesomea mambo ya umeme. Katujengea ubao wa taa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Na hiki nacho ni nini, Krismasi imewahi?"

"Ni taarifa, Bibi. Kijani, barafu imefika. Njano, wanunuzi wa dagaa wapo. Buluu, bei imepanda. Nyekundu, kuna upepo. Mvuvi akiwa mbali anajua kila kitu."

Kashindye, ambaye hana adabu lakini anachekesha, akauliza, "Na kijani na njano zikiwaka pamoja?"

"Barafu ipo na wanunuzi wapo."

"Na zikizimika zote?"

"Jenereta limeisha mafuta."

Watu walicheka mpaka Hiren mwenyewe akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Usiniwekee mataa yako karibu na jiwe langu. Mwanangu akirudi atachanganyikiwa."

Kicheko kikaisha pale pale. Hiren akatazama chini, akasema, "Sawa, Bibi." Mtoto ana heshima, lazima niseme.

Jumamosi, 25 Oktoba

Pius karudi salama. Ananuka dagaa mwili mzima. Sijamsemesha, nimempakulia.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 27 Oktoba

Asubuhi nimekuta utambi wa chemli umeshushwa. Jana niliupandisha mwenyewe, moto ukasimama vizuri. Leo umebaki mdogo kama jicho la mgonjwa. Nimemuuliza Evelina kama ameanza kunipimia mafuta ya taa. Kasema hajaigusa. Uongo mtupu.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Redio inasema ni Elinino, inasema itanyesha mpaka tujute. Tumekwisha kujuta. Dagaa walioanikwa wameoza juu ya mawe, wamekuwa uji wenye macho.

Ijumaa, 31 Oktoba

Maji yanapanda. Mawe ya pembeni ya mlango, ambayo watoto walikuwa wanarukia, yamezama, hayaonekani hata mgongo. Magugu maji nayo yamekuja na upepo yakajaza ufukwe; huwezi kujua pa nchi kavu ni wapi na pa maji ni wapi. Nimesimama pale nilipozoea kufua maisha yangu yote, nikajiona mgeni.

Utambi umeshushwa tena. Nimempandishia Evelina sauti mpaka jirani kachungulia. Evelina kafunga kanga, kaenda kuteka maji kwenye mvua. Hakunijibu. Mtu asiyejibu ana hatia.

Jumapili, 2 Novemba

Nimemwambia Pius akae nyumbani. Kasema, "Bibi, nikikaa mimi atakwenda mwingine." Nikasema ndiyo, aende mwingine. Akacheka, akaondoka.

Jumatatu, 3 Novemba

Nitaandika hivyo hivyo.

Alfajiri, kabla hapajapambazuka, mvua haikuwa inanyesha, ilikuwa inamwagwa. Nilikuwa nachochea moto wa uji. Nikasikia mti unavunjika nyuma ya nyumba. Nikajiuliza mti gani, huku nyuma hakuna mti, kuna mawe na ziwa. Ndipo mtu akalia, "Mayu wee!" Mwanaume mzima anamwita mama yake.

Nilitoka bila viatu. Chini ya jiwe langu, pale mawe yalipozama, mtumbwi wa Revocatus ulikuwa umepasuka tumboni. Revocatus kang'ang'ania ubao mmoja, magugu yamemfunga shingoni kama skafu. Alikuwa amekwenda na Venant, kijana wa Dorotea, mtoto mpole ambaye nilikuwa namtania kwamba nitamwoza mbuzi. Venant hakuwepo. Tulimulika, tukaita, Evelina akaingia majini mpaka kifuani huku ameshika kamba. Hakuwepo.

Mimi nilikuwa naita jina moja tu, "Pius! Pius!" Mungu anisamehe, mtoto wa mwenzangu yuko chini ya maji na mimi naita wangu.

Mtumbwi wa Kashindye ulikuwa nyuma yao. Walisikia mbao zinavunjika, wakageuka, wakakaa mbali mpaka kulipokucha wakauona mlango. Pius aliposhuka midomo yake ilikuwa myeupe. Nilimchapa kofi, kisha nikamshika nisimwachie. Akaniambia sikioni, "Bibi, na sisi tulikuwa tunaelekea hapo hapo. Tulikuwa tunawafuata wao."

Hiren alifika kukiwa kumekucha sawasawa. Ubao wake bado ulikuwa unawaka, kijani, njano, buluu, mbele ya Dorotea anayegaragara matopeni. Nikamwendea. Nikamwambia mbele za watu, "Umeua mtoto wa watu kwa mapambo yako! Kachukue taa zako ukampambie mama yako duka!" Alisimama na viatu vyake vizuri ndani ya tope, maji yanamchuruzika puani.

Revocatus alikuwa kando ya moto, kafunikwa blanketi. Alinitazama, akafungua mdomo. Evelina akamtilia kikombe cha uji mkononi. "Kunywa," akamwambia. "Maneno baadaye."

Jumanne, 4 Novemba

Wametafuta kutwa. Hawajampata.

Alhamisi, 6 Novemba

Hawajampata. Dorotea anakaa ufukweni, hali, hanywi.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani wamemwombea Venant. Padri alisema marehemu, Dorotea akainuka akatoka nje. Namjua mtu anayeinuka hivyo.

Ijumaa, 14 Novemba

Mbalamwezi. Mitumbwi imelala. Mvua imelala pia, inzi wameamka.

Jumanne, 18 Novemba

Hiren amerudi. Nilidhani hatathubutu. Hakuja na waya, alikuja na mikono mitupu, akaketi juu ya nyavu pamoja na wavuvi. Mimi nilikuwa nachambua dagaa karibu, masikio yangu hayana mlango.

Akamuuliza Kashindye, "Mkiwa mnarudi, mnatafuta nini?"

Kashindye akasema, "Sikiliza, bwana mdogo. Mikono imekufa ganzi. Macho yamejaa maji. Mmoja anapiga kasia, mmoja anakumba maji mtumbwini, mmoja anasali. Wewe unataka nisome rangi?"

"Ndiyo maana nauliza. Unatafuta nini?"

"Mlango."

"Na bei?"

"Bei nitaambiwa nikifika. Nisipofika, bei ya nini?"

Hiren akainuka akaanza kufungua balbu za ubao wake, moja baada ya nyingine, akizitia kwenye boksi. Chenge akaja mbio, "Wee! Kamati imepitisha hizo!"

"Mzee Chenge, kila aliyeniomba taa nilimpa. Nilidhani kazi yangu ni kuongeza."

Walibishana mpaka jua likageuka; mwenye soda na mama wa chapati wakakubali kuzima zao. Wakala wa sangara ndiye aliyekuwa mgumu. Kashindye akamwambia, "Weka taa yako, bosi. Sisi tutapeleka samaki kwenye mwalo ambao hautuchanganyi macho." Wakala akageuza taa yake ikatazama magari.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikajiambia, sasa anayeua watu ameondoka.

Alhamisi, 20 Novemba

Jioni Hiren ameomba achukuliwe mtumbwini, aone mwalo kutokea majini. Ametapika mpaka nyongo, Kashindye anamwambia, "Usimwage yote, mengine tutegee sangara." Waliporudi alikuja moja kwa moja kwangu, mvi hana lakini uso umezeeka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa, unywe chai ya tangawizi, itakutuliza."

Alikunywa. Akatazama jiwe langu kupitia dirishani, na chemli juu yake. Akasema, "Bibi, kule majini, nilipotazama huku..."

"Usiniambie," nikasema.

"Bibi, nimetoa zangu zote. Nimebakiza moja mlangoni, nyeupe, ya chini. Lakini bado mtu anaona..."

"Nimesema usiniambie. Maliza chai yako."

Akamaliza. Akaosha na kikombe mwenyewe. Mlangoni akasema, "Wanaanza kutoka tena Jumatano, Bibi. Na Pius." Kana kwamba sijui.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua. Nina homa. Nimeota Shimba ananipa mgongo.

Jumatatu, 24 Novemba

Leo Dorotea alikuja. Amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Mkononi alikuwa na chemli mpya, bado ina karatasi ya duka.

"Mama Shimba," akasema, "nifundishe. Nataka kumuwekea Venant. Unaiweka upande gani? Utambi unaupandisha kiasi gani? Jiwe lako lina nafasi, tuziweke pamoja, wasiwe wapweke."

Moyo wangu ulimfungukia. Nilikwisha kuinuka nimwonyeshe. Evelina alikuwa anapiga pasi ya mkaa. Akaiweka chini.

"Hapana," akasema.

Nikamgeukia. "Wewe nyamaza! Wewe uliyemsahau mumeo kabla nguo zake hazijakauka!"

"Nitukane, Mama. Lakini taa ya pili haiwekwi pale. Na hiyo moja iondoke."

"Una wazimu?"

"Revocatus aliniambia siku ile ile. Alitaka kusema pale motoni, nikamzuia, nikamwomba asikuambie. Haikuwa kijani, Mama, wala buluu. Zile za rangi walikwisha kuzizoea, walijua ni upuuzi. Waliona taa moja ya moto wa njano imetulia, peke yake, haipepesi. Wakasema hiyo ndiyo taa ya mlango. Wakaielekea. Mawe hayaonekani siku hizi. Wakaielekea tu."

Pasi ilikuwa inatoa moshi.

Nilimtazama Dorotea. Nilingoja anipige. Ningempa shavu lingine pia. Lakini alikuwa ameishika chemli yake kifuani kama mtu anayemficha mtoto mvua, anaitazama, anaitazama.

Nikamuuliza Evelina, kwa sauti ambayo sikuijua, "Kwa hiyo ndiyo maana ulikuwa unashusha utambi?"

"Mama, mimi sijawahi kuigusa taa ile. Naiogopa. Nilidhani ni wewe unaishusha, umeanza kumwachia."

Shimba, alipokuwa hai, hakupita penye taa yangu bila kuushusha utambi. "Mayu, mafuta yanaliwa bure." Kila jioni. Nilikuwa namfukuza kwa mwiko.

Nimekaa hapa jikoni naandika, sitaki kutazama dirishani. Kwa muda wote huu namwona mwanamke huyu hana moyo, kumbe alikuwa amebeba jambo ambalo lingenivunja, analala nalo, anaamka nalo, na mimi namtukana kwa ajili ya mafuta ya taa.

Jumanne, 25 Novemba

Pius anashona wavu. Namtazama shingo. Ina kovu pale alipoungua uji akiwa mdogo.

Jumatano, 26 Novemba

Jioni hii mitumbwi imetoka. Kabla haijatoka, nilipanda jiweni. Sikutaka mtu anishike mkono, lakini Dorotea alikuja nyuma yangu na Evelina nyuma yake, nami sikuwafukuza.

Chemli nilikuwa nimeiwasha mapema, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuizima ikiwa inawaka, siyo kuiacha tu isiwashwe kama kitu kilichosahauliwa. Niliinua kioo. Nikasema, kwa Kisukuma, na sitayaandika yote: mwanangu, nazima. Siyo kwamba nimechoka. Mwanao yuko majini, anahitaji kuona mahali pamoja tu. Ile pale mlangoni ni yako pia, ifuate hiyo hiyo.

Nikapuliza. Ilikataa. Nikapuliza tena.

Kulikuwa na giza la kweli, la zamani, ambalo nilikuwa nimelisahau. Upande wote wa nchi kavu mweusi, na pale mlangoni kitone kimoja cheupe. Hata mimi ninayeona vibaya ningeingia. Hata mlevi.

Dorotea akauliza, "Sasa nitazika mgomba?"

"Sijui, mwenzangu," nikamwambia. "Mimi mwenyewe bado sijauzika wangu. Kaa hapa."

Tukakaa mpaka umande ukatuloweka. Chemli yake haijawahi kuwashwa. Ameiacha kwetu.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua. Mitumbwi yote imeingia. Hiren kapita kuangalia taa yake, kaniamkia kutoka mbali, nikamwita. Nilimwambia mbele ya Chenge na Kashindye kwamba maneno niliyomtupia siku ile hayakuwa yake. Akasema, "Bibi, yalikuwa yetu wote." Nikampa dagaa ampelekee mama yake. Kasema Jasuben hali samaki. Nikasema basi na awanuse.

Jumapili, 30 Novemba

Giza nene. Nimekwenda kanisani na Evelina, mwavuli mmoja.

Jumanne, 2 Desemba

Alfajiri ya leo mvua ilirudi kama ile ya Novemba, na upepo juu yake. Nilisimama ufukweni na Evelina na Dorotea. Taa ilikuwa inayumba lakini ilikuwa moja. Mtumbwi wa kwanza ukaja, ukaingia. Wa pili. Kashindye akachelewa, akachelewa mpaka nikaanza kuahidi mambo kwa Mungu ambayo sina uwezo nayo. Kisha nikaona karabai yao, wanakuja wamenyooka kama uzi, wakapita mlangoni bila kugusa jiwe.

Pius aliruka majini, akavuta kamba. Nilimfunika kanga. Akawa anatazama huku na huku ufukweni.

"Unatafuta nini?"

"Wale wa mbele yetu wako wapi?"

"Wa mbele wepi? Ninyi ndio wa mwisho."

"Hapana, Bibi. Kulikuwa na mtumbwi bila karabai. Tuliukuta nje pale, unazunguka, kama haujui pa kwenda. Tulipogeukia taa nao ukageuka. Tukafika mlangoni pamoja, tukaupisha utangulie." Akamgeukia Kashindye. "Si tuliupisha?"

Kashindye, ambaye ana jibu la kila kitu, alikuwa anakunja kamba. Akasema taratibu, "Tuliupisha."

"Walikuwamo wangapi?" Dorotea ndiye aliyeuliza.

"Wawili, Mama. Sikuwaona nyuso. Wa mbele alikuwa anapiga kasia, wa nyuma amechoka, amekaa tu."

Mitumbwi ilikuwa imelala mchangani mbele yetu, tunaijua yote kwa majina. Hakuna aliyekwenda kuihesabu.

Nilimwambia Pius aache maneno, twende nyumbani akale kabla hajashikwa na homa. Tukapanda mlima, Dorotea katikati yetu. Nilipika ugali mwingi kuliko kawaida. Nikampakulia Pius, kisha nikapakua sahani nyingine mbili, nikaziweka mlangoni pa nyumba, zimefunikwa. Evelina, ambaye huuliza hata chumvi imewekwa saa ngapi, alileta maji ya kunawa akayaweka kando yake, hakuuliza ni za nani.